Barua kwa wazazi wa darasa la awali: kazi ya rangi na vidole vya watoto

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi,
Mtwara.
Desemba

Ndugu mzazi/mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA PILI NA KAZI YA RANGI KWA WATOTO WA AWALI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Poleni na msimu wa korosho. Najua wengine bado mnaanika magunia ya mwisho. Tunafunga shule wiki hii, na Januari watoto wetu wa awali wanaingia darasa la kwanza. Ratiba imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Hapa nataka kujibu swali mlilouliza kwenye kikao: "Mtoto kila siku anarudi na karatasi ya rangi. Kuandika ataanza lini?"

Mna haki ya kuuliza. Hata mimi nilipohamia hapa nilimtaka mwalimu wa awali apunguze rangi, aongeze a, e, i, o, u. Akaniomba nikae darasani kwake asubuhi moja. Nikakaa.

Kulikuwa na mtoto wa miaka mitano aliyeshika penseli kwa ngumi, kama mtu aliyeshika mchi. Kila akiandika "a", bega zima linasukuma. Karatasi ikachanika. Mara ya tatu akaweka penseli chini, akaficha mikono chini ya dawati. Na herufi yenyewe alikuwa anaijua, ukimwonyesha anaitaja bila kusita. Vidole ndivyo vilivyokuwa havijawa tayari. Mwalimu akachukua kalamu ya nta, akaivunja kikabaki kipande cha kama sentimita 3, akampa apake rangi samaki aliyechorwa kwenye boksi. Kipande kifupi hivyo hakishikiki kwa ngumi, kinataka kidole gumba, cha shahada na cha kati. Hakuambiwa "shika hivi". Alishika mwenyewe.

Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto akizaliwa mifupa hiyo ni gegedu, yaani bado ni laini, na huwa migumu polepole kwa miaka mingi. Kwa mtoto wa miaka mitano kazi hiyo bado haijaisha. Nguvu nayo hutangulia begani na kwenye kiwiko, ndipo ishuke vidoleni. Ukimlazimisha ajaze ukurasa wa herufi kabla ya hapo, ataandika kwa bega, atachoka, kisha ataichukia kalamu. Akipaka rangi anajifunza kubana kwa vidole, kuzungusha kifundo, kupunguza nguvu akikaribia mstari, huku mkono wa pili ukishikilia karatasi. Hayo ndiyo anayoyahitaji kuandika, na hapo hakuna anayemwambia amekosa.

Likizo hii msinunue vitabu vya rangi kama hela haipo. Boksi la sabuni linatosha, au mgongo wa kalenda ya mwaka unaoisha, na mkaa au vipande vya chaki. Mlango wa zamani au ukuta wa uani ni mzuri kuliko meza: mtoto akichora amesimama, bega linapata nguvu na kifundo kinakaa inavyotakiwa. Dakika 10 au 15, akichoka aende akacheze. Akitoka nje ya mstari, mwacheni. Akipaka mbuzi rangi ya kijani, muulizeni mbuzi huyo anaitwa nani, atawasimulia mpaka chakula kiive.

Kazi za nyumbani nazo zinasaidia sana. Akae na bibi yake ajaribu kusuka ukili. Achague mchele, abambue mbaazi, anyofoe korosho kwenye bibo. Kubangua korosho hapana kabisa, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na mikono hiyo ndiyo tunayoilea.

Jambo moja nawaomba kwa moyo wote. Anayeandika kwa mkono wa kushoto asipigwe, wala asifungwe mkono. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu yetu na iendelee. Kalamu ni jambo jingine: huo mkono wa kushoto ndio wenye wepesi, na ukimhamisha kwa nguvu unamrudisha nyuma. Mwaka huu nimewaona wawili wakirudi kwenye ngumi baada ya kukemewa nyumbani.

Na kama mtoto wako bado anapata shida kufunga vifungo vya shati au hawezi kabisa kushika kijiko, njoo ofisini tuzungumze. Hutalaumiwa.

Yule mtoto wa samaki aliandika jina lake lote mwezi Novemba. Herufi moja imegeuka, nyingine imepanda juu ya mwenzake, lakini karatasi haijachanika. Ninayo ofisini, mama yake aje aichukue.

Wanaopeleka watoto wakubwa jandoni na unyagoni, tafadhali wawe wamerudi kabla shule hazijafunguliwa. Watoto wa awali siku ya kwanza waje na kipande kimoja cha boksi walichopaka rangi wenyewe, bila kusaidiwa na kaka wala dada. Tutavibandika kwenye ukuta wa darasa la kwanza.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu