Tupunguze karatasi za majaribio shuleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wenzangu, wakuu wa shule na wazazi kuhusu karatasi tunazozimaliza kwa majaribio ya kila wiki, hasa katika madarasa ya mitihani.

Darasa la saba lenye wanafunzi 90 likipewa jaribio la kurasa nne zilizochapwa upande mmoja, zinatoka karatasi 360 kwa somo moja, na kwa masomo yote sita zinapita rimu nne, kwa kuwa rimu ina karatasi 500 tu. Hapo hatujagusa wino wala matengenezo ya mashine ya kudurufu. Ingawa mpango wa elimu bila ada ulianza Januari 2016, gharama hizi katika shule nyingi humrudia mzazi kwa jina la mchango wa mitihani, na inaniuma kuzikuta karatasi hizohizo sokoni zimefungiwa karanga, huku upande wa nyuma ukiwa mweupe kabisa.

Kuchapa pande zote mbili kunapunguza karatasi kwa nusu. Hata hivyo, nafuu kubwa zaidi hupatikana mwanafunzi anapoandika majibu kwenye daftari lake, na karatasi za maswali zikakusanywa, zikahesabiwa na kutunzwa kwa ajili ya mkondo mwingine au mwaka unaofuata. Wapo watakaosema kwamba watoto wanapaswa kuzoea karatasi yenye muundo wa mtihani wa taifa. Ni kweli, na ndiyo maana sipendekezi mitihani ya utamilifu, yaani ile ya kujipima kabla ya mtihani wa taifa, iguswe. Lakini maswali matano ya hisabati ya siku ya Ijumaa yanaenea ubaoni, na mwalimu akachapa nakala chache kwa ajili ya wanafunzi wenye uoni hafifu.

Kwa upande wa zana za kufundishia, kiroba kilichopasuliwa na kunyooshwa kinafaa kuliko karatasi ya manila. Mchoro wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula ninaoutumia nimeuchora kwa maka peni juu ya kiroba cha sukari. Hukunjwa, huvumilia vumbi na mikono ya watoto, wala hauchaniki kama manila, ambayo kwangu haikuwa ikimaliza muhula.

Lipo pia suala la maandalio ya somo, yaani mpango wa kipindi ambao mwalimu huuandika kabla ya kufundisha. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, lakini wengi wetu bado tunajaza madaftari kwa mkono, mwaka hadi mwaka, kwa mada zilezile. Nawaomba wakuu wa shule na wathibiti ubora (wakaguzi wa shule) wakubali kukagua andalio lililo kwenye kishikwambi bila kudai nakala ya karatasi, na waanze na walimu walio tayari, hata kama ni wawili au watatu katika shule.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro