Kinyota chekundu peke yake hakitoshi kwenye fomu yako

Sisi ni watengenezaji wa tovuti, na lalamiko tunalolisikia sana kwa wenye nyumba za wageni wa Paje, Jambiani na Nungwi, hapa Zanzibar, ni hili: watu wanaingia kwenye tovuti, wanaangalia picha, wanafungua fomu ya kuweka nafasi, halafu wanapotea. Wengine wanahamia WhatsApp na kuuliza upya yale yale yaliyomo kwenye fomu. Mwenye nyumba anaishutumu intaneti. Mara nyingi tatizo ni fomu yenyewe, haisemi mapema kipi cha lazima na kipi si lazima.

Hebu ifungue fomu yako kwenye simu. Mgeni kajaza jina, tarehe ya kufika, idadi ya watu. Namba ya pasipoti kaiacha, maana pasipoti iko kabatini na hakuna palipomwambia kuwa inatakiwa. Anabonyeza Tuma. Ukurasa unaruka juu, maandishi mekundu yanasema “Kuna kosa”, na kosa lenyewe liko huko chini asikokuona. Fomu nyengine zinafuta hata yale aliyokwisha kuandika. Nani atarudia?

Watengenezaji wengi huweka kinyota chekundu pembeni ya swali, wakahesabu kazi imekwisha. Aliyezoea kununua vitu mtandaoni anakielewa. Mzazi anayemuombea mwanawe nafasi ya skuli kwa simu, na hajapata kujaza fomu ya namna hiyo, kwake kile ni pambo tu. Wapo pia wanaotia rangi nyekundu bila ya alama yoyote, na watu wasiopambanua nyekundu na kijani, hasa wanaume, si wachache. Miongozo ya WCAG, ya kuzifanya tovuti zitumike na kila mtu hata mwenye ulemavu, inayotolewa na W3C, jumuiya ya kimataifa inayoweka viwango vya mtandao, inakataza kutegemea rangi peke yake kufikisha ujumbe. Kinyota kinakubalika, ila maana yake ielezwe juu kabisa, kabla ya swali la kwanza.

Sisi tunaandika neno: “Namba ya simu (lazima)”, “Ujumbe wako (si lazima)”. Baadhi ya wateja wetu wanasema linachafua sura ya fomu. Sawa, si zuri sana. Lakini kwa kuwa limo ndani ya swali lenyewe, asiyeona anayetumia TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti, kwenye simu yake analisikia pamoja na swali. Yale maandishi ya kijivu ndani ya kisanduku hatuyatumii kwa kazi hii, kwa sababu mtu akianza kuandika yanatoweka.

Nyuma ya neno hilo tunaiambia na brauza, yaani programu inayofungua tovuti, isiruhusu fomu iende ikiwa swali la lazima halijajazwa. Hapo pana mitego miwili. Ujumbe wa brauza hutoka kwa lugha ya brauza, kwa hivyo fomu ya Kiswahili inaweza kumkemea mtu kwa Kiingereza. Ndiyo maana tunaandika ujumbe wetu. Na orodha ya nchi isipoanza na nafasi tupu, nchi ya kwanza huhesabika kuwa imechaguliwa. Ukiona wageni wako wengi wanatoka Afghanistan, usishangilie soko jipya.

Sasa lenye uzito zaidi: kipi hasa kiwe lazima? Mzanzibari hutaja jina lake, la baba na la babu. Ukimlazimisha aandike “jina la ukoo” atabahatisha. Tunaweka kisanduku kimoja, jina kamili. S.L.P. wengi hawana. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hakiwezi kuwa lazima kwenye fomu inayojazwa na Mtaliano pia, kwa hivyo tunauliza kwanza kama mtu ni mkaazi au mgeni, ndipo swali linalomhusu litokee. Fomu inayotaka namba ya simu yenye tarakimu kumi zinazoanza na sifuri itamkataa huyo huyo Mtaliano. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wa nje wanatakiwa kukata bima ya Zanzibar, na wapo wenye hoteli wanaotaka namba ya bima siku ile ile ya kuweka nafasi. Anayekuja baada ya miezi mitatu huenda hajaikata bado. Iulize karibu na siku ya kufika.

Ukilazimisha kisichopatikana, utaletewa nukta, “xxx” na 0000000000. Brauza inavipokea vyote, hata nafasi tupu iliyobonyezwa mara moja.

Kwa hivyo kabla hatujaanza kazi, tunakuomba orodha ya maswali yako, na mbele ya kila swali andika nani ofisini kwako anayelitumia jibu lake. Lisilo na mtu tunaliondoa. Ukisema “huenda tukalihitaji”, litabaki na litaandikwa si lazima. Fomu uliyonayo tayari tunaweza kuirekebisha bila ya kujenga tovuti upya.