Shukrani kwa mama wa basi la Mtwara

Shikamoo mama. Tulikaa kiti kimoja kwenye basi la Mtwara kwenda Dar es Salaam, na jina lako sikuuliza. Nilikuwa naenda kuondolewa matiti yote mawili kabla saratani haijanifika, maana nimerithi hitilafu ya jeni ya BRCA1, ile inayoongeza sana hatari ya saratani ya matiti, na nimeshamzika mama na mama mdogo. Daktari alinieleza kwamba upasuaji hupunguza hatari kwa takriban asilimia 90. Nilielewa, lakini moyo ulikataa. Basi lilipofika Nangurukuru nilishika begi nishuke. Hukunizuia. Ulinimenyea chungwa, kisha ukauchukua mkono wangu ukauweka chini ya kanga yako, juu ya kovu. “Ogopa mwanangu, lakini nenda.” Nilikwenda. Kidonda kimepona. Korosho za msimu huu nimekuwekea fungu lako.