Mpigie Yusufu kabla ya Jumamosi

Kibirizi, Kigoma

Mama Kulwa mpendwa,

Salaam nyingi. Watoto wazima, baba yao mzima, migebuka imeadimika na bei haishikiki, hayo tutaongea siku nyingine. Leo nina shida na mwenye uwezo wa kunisaidia ni wewe: naomba umpigie mdogo wako Yusufu.

Kipindupindu kimeingia mtaani kwetu. Si uvumi. Yule mtoto mdogo wa Bi Zuhura alianza kuharisha alfajiri, maji meupe kama ya kuoshea mchele, kufika saa nne macho yameshazama na ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi. Amepona, alhamdulillahi, walimtundikia dripu kwenye kambi ya wagonjwa. Lakini alifikishwa amechelewa, na wewe muuguzi unajua ugonjwa huu unavyoweza kummaliza mtu kwa saa chache tu. Nikamuuliza Zuhura, mbona hamkutoka mapema? Akaniambia, "Tulijua ni siasa."

Siasa, Mama Kulwa! Vidonge vya kutibu maji viligawiwa na balozi wa nyumba kumi, naye siku hiyo alivaa shati lake la kijani la CCM. Basi nyumba zenye bendera ya zambarau ya ACT, chama cha upinzani, karibu zote zikavikataa. Na kabla ya hapo, kijana mmoja wa ACT alituma sauti kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, akaonya maji ya kisima cha bondeni yasinywewe bila kuchemshwa. Watu wa kijani wakamrukia: mchochezi, anataka kuichafua serikali. Onyo lilikuwa la kweli, na vidonge ni vya kweli. Kila upande umeutupa ukweli kwa kumwangalia aliyeuleta, na mtoto nusura afe katikati yao.

Yusufu ndiye aliyesimama barazani akasema vidonge vinaharibu uzazi. Siamini kama mwenyewe anaamini. Ana uchungu. Tangu uchaguzi ule, na yale aliyofanyiwa… unayajua, siyaandiki hapa. Mtu mwenye jeraha hilo ukimwambia "serikali imesema" umeshampoteza.

Na wanaosita siwalaumu. Mwaka 2020 takwimu za korona zilikoma kutolewa mwishoni mwa Aprili, Juni tukaambiwa ugonjwa umekwisha. Julai 2021 Rais Samia akachanjwa hadharani, na watu walewale waliokuwa wakizomea barakoa wakatakiwa wapange foleni. Wapo waliochanja kwa sababu aliyesema ni wa kwao, wapo waliokataa kwa sababu hiyohiyo. Swali la chanjo inafanyaje kazi halikuulizwa na wengi. Waliuliza nani kasema.

Mama Furaha wa vitenge anasema kwao Kongo ilikuwa mbaya zaidi. Desemba 2018, Ebola ikiwa imepamba moto Kivu Kaskazini, tume ya uchaguzi ikaahirisha kura ya Beni na Butembo, ngome za upinzani, na Ebola ikatajwa kuwa sababu. Siku iliyofuata waandamanaji wakavamia kituo cha wagonjwa Beni. Watu walikuwa wameshanyimwa kura kwa jina la ugonjwa, ungewaambiaje tena kwamba ugonjwa upo? Mpaka mlipuko ule unatangazwa kwisha, Juni 2020, waliokufa walizidi 2,200. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Ombi langu ni hili. Jumamosi kuna mkutano kisimani. Nataka Yusufu na balozi wasimame pamoja, kila mmoja atie kidonge kwenye ndoo yake, wasubiri nusu saa, kisha wanywe watu wakiona. Afisa afya atakuja na atajibu maswali yote, hata hilo la uzazi. Balozi nimeshamwona, amekubali kuja na kanzu, si shati la chama. Amebaki Yusufu. Mimi hanisikilizi, ananihesabu wa upande ule kwa ajili ya mume wangu. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni.

Ukimpigia usianze na vidonge. Anza na yeye, mwache aseme yaliyomkaa moyoni mpaka amalize. Usimwambie anapotosha watu, hata kama ni kweli. Halafu mweleze habari za mtoto wa Zuhura, anampenda sana yule.

Huko Tabora mnafanyaje mkipeleka dawa mahali watu wamegawanyika? Mnamtuma nani mbele? Mtu akiwauliza jambo msilolijua, mnamwambia hamjui? Unakumbuka 2015, kipindupindu kilipowapata wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, watu walivyosema ni ugonjwa wao? Nani alikuja kuwatuliza, si yule mzee wa Katonga? Bado yu hai? Na Yusufu bado anakupigia Ijumaa baada ya swala, au hata wewe amekunyamazia?

Nijibu hata kwa ujumbe mfupi. Mkutano ni saa nne asubuhi.

Wako,
Mama Nuru