Vidonge vya chini ya godoro

Mwanangu,

Nimevikuta wakati natandika, 11 nimehesabu. Nakuandikia kwa sababu nikikuita ntafoka, na kufoka nishakufokea vya kutosha.

Unakumbuka lile daftari la hisabati? Mwandiko ulikuwa unaanza vizuri halafu herufi zinasinyaa mpaka mwisho wa mstari hazisomeki, nikakwambia mvivu, simu ndo inakuharibu. Kikombe kikitetemeka mkononi nasema shika vizuri wewe. Kumbe ni shaba imejaa mwilini, ugonjwa wa Wilson. Mpaka siku daktari wa macho amekumulika akaniita nichungulie, nikaona pete ya kahawia imezunguka ukingo wa kioo cha jicho, yani ukiangalia haraka unaweza kusema ni urembo. Miguu iliniishia.

Shaba kila mtu anaila kidogo kidogo kwenye chakula, ini linatoa iliyozidi kupitia nyongo, basi. Lako haliwezi kwa sababu jeni inayoitwa ATP7B umerithi mbovu zote mbili, moja kwangu moja kwa baba yako, na sisi wala hatuumwi. Inajaa kwenye ini, likizidiwa inamwagikia kwenye damu inapanda ubongoni. Daktari Wilson alivyoueleza huu ugonjwa 1912 wagonjwa walikuwa wanaishia kufa tu. Penisilamini ilikuja 1956, ndo hiyo unayoificha.

Najua inachosha, saa moja kabla ya kula au masaa mawili baada ya kula, kila siku, na wenzako wanatafuna chokoleti na karanga we unaangalia. Najua pia unajiona umepona maana mkono umetulia. Umetulia kwa sababu ya dawa mama! Kuna watu waliacha wenyewe wakiwa wazima kabisa na ini likafeli ndani ya miezi, sikutishi, ndivyo ilivyo.

Kama inakupa kichefuchefu au vipele sema, kuna trientini, kuna zinki, daktari anaweza kubadilisha. Mdogo wako alikuwa na nafasi 1 kati ya 4 ya kurithi kama wewe na ikamwangukia, hana dalili hata moja lakini anameza zinki yake bila kelele kwa sababu anakuona we unameza. Au anadhani unameza.

Hivyo 11 nimevifunga kwenye karatasi tutamwonyesha daktari, usije ukavimeza kwa mpigo kufidia. Jumatatu tunaenda wote, watataka tena mkojo wa masaa 24 wapime shaba, na lile dumu unaloonea aibu ntalibeba mimi.

Mama