Vidonge vya Bi Mkubwa asipewe mzee

Tabora

Mpendwa Mama Zuhura,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata, pole sana kwa kuuguza wazazi wawili kwa mpigo. Unauliza kama umgawie mzee metfomini, dawa ya kisukari ya Bi Mkubwa, ili asiendelee kusahau. Usimpe.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Seli za ubongo nazo hutumia insulini, na kisukari huongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu, ndipo wataalamu wakazijaribu dawa za sukari kwa wagonjwa wa ubongo. Ufaransa walijaribu sindano ya liksisenatidi kwa wagonjwa 156 wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, kwa mwaka mmoja. Matokeo ya 2024 yalitia moyo kidogo, ila karibu nusu ya waliochomwa walipata kichefuchefu. Uingereza wakajaribu eksenatidi, dawa ya ukoo huohuo, kwa watu 194, wiki 96: patupu. Novemba 2025 semaglutidi ya vidonge nayo ikashindwa kupunguza kasi ya Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, kwa watu zaidi ya 3,800.

Mimi ningemhofia zaidi Bi Mkubwa. Metfomini ikitumika miaka mingi huweza kuzuia utumbo kufyonza vitamini B12, na ikipungua mtu hufa ganzi miguuni na kusahau, ukadhani ni uzee. Dagaa wenu wa Kigoma wana B12 tele, lakini kula si kufyonza. Omba apimwe; ikiwa imepungua atachomwa sindano au atapewa vidonge vyake. Metfomini asiache kwa kujiamulia, na aimeze akiwa amekula.

Hiyo glibenklamidi, dawa yake nyingine ya sukari, ndiyo inayonitia wasiwasi. Shirika la Afya Duniani linasema haifai kwa waliopita miaka 60. Muulize daktari kuhusu gliklazidi, dawa mbadala. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, hivyo akimeza asubuhi kisha asile, sukari hushuka mno, na ikishuka vibaya ubongo unaweza kuumia. Ukimwona anatoka jasho, anatetemeka au anaongea ovyo, mpime sukari. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpe vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kama anameza vizuri. Rudia kupima baada ya dakika 15, kisha ale ugali au wali, maana hushuka tena. Akiwa hajitambui usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali. Na Ramadhani asifunge kabla hamjaongea na daktari, hata akinuna.

Mzee naye apimwe presha, sukari na masikio. Asiyesikia huonekana amesahau.

Nisalimie wote hapo Ujiji.

Wako,
Mama Rehema