IST Inakula Oili? Pima Kwanza Kabla Injini Haijashushwa

Wenye Toyota IST za toleo la kwanza, zile za 2002 hadi 2007, wengi hutufikia gereji wakiwa wameshahukumiwa. Fundi ameona moshi wa bluu, akasema ringi zimekwisha: ama injini ishushwe, ama inunuliwe nyingine iliyotumika Japani. Mara nyingine ni kweli. Kinachotuuma ni kwamba hukumu hiyo hutolewa kabla hata plagi moja haijafunguliwa.

Oili ya injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,500 ya IST, ni lita 3.7 tu pamoja na filta. Ikipungua lita moja, zaidi ya robo imeondoka. Usiitegemee taa nyekundu ya oili ikuonye mapema, kwa sababu inasoma presha, haisomi kiwango. Ikiwaka, hali imeshakuwa mbaya. Hata cheni ya taimingi inakazwa kwa presha hiyohiyo. Vuta dipstiki kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika chache.

Swali letu la kwanza kwa mteja ni hili: moshi unatoka wakati gani?

Ukiwasha asubuhi likatoka wingu moja la bluu kisha likapotea, oili ilichuruzika usiku kupitia sili za valvu zilizokakamaa. Dalili ni hiyohiyo ukikaa sana kwenye foleni ya Mandela kisha ukaondoka, au ukishuka Kitonga mguu ukiwa nje ya pedeli ya mafuta na ukaikanyaga tena ukifika chini. Gari likishuka hivyo, mvuto wa hewa kwenye manifoldi (njia ya kuingizia hewa kwenye injini) huwa mkali na hunyonya oili kwenye sili. Sili ziko 16, na mpira wake hukauka kwa joto na umri hata kama gari halijatembea sana. Kuzibadili hakuhitaji kufungua silinda hedi. Tunatoa kemshafti, tunajaza upepo wa kompresa kwenye silinda kupitia tundu la plagi ili valvu zisidondoke, kisha tunabadili sili moja moja.

Moshi unaozidi kadiri unavyokanyaga mafuta, hasa ukipanda mlima na abiria, unatupeleka kwenye ringi. Kila pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu hubana kompresheni, ya chini hukwangua oili kwenye kuta za silinda na kuirudisha chini. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, masizi huigandisha hiyo ya chini. Ndiyo maana gari linaweza kupimwa kompresheni likaonekana zima kabisa, na bado likala oili. Kompresheni ikiwa ndogo, tunadondosha oili kidogo ndani ya silinda na kupima tena. Ikipanda, ringi zimelika. Isipopanda, tunatazama valvu.

(Mvuke mweupe wa asubuhi unaokoma injini ikipata moto usikutie hofu. Usipokoma, na maji ya rejeta yakawa yanapungua, hiyo huenda ni gasketi ya silinda hedi.)

Lakini kabla ya yote tunafungua valvu ya PCV, kifaa kidogo kinachorudisha hewa chafu ya ndani ya injini kwenye manifoldi ikachomwe. Ikiziba, presha hujaa ndani na kuisukuma oili kwenye sili. Ikikwama wazi, oili huvutwa na kuungua. Kuibadili ni kazi ya muda mfupi, na inasikitisha kuona injini imeshushwa ilhali hii haijaguswa.

Oili ikiungua kwa muda mrefu, maradhi huhamia kwenye ekzosi. Ndani ya oili mna fosforasi na zinki za kulinda vyuma visilike. Zikiungua huacha majivu yanayofunika masega, yaani kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi, na sensa ya oksijeni nayo huvaa utando. Taa ya cheki injini inawaka, mashine inasoma P0420, yaani masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Masega yakiziba kabisa, gari linakosa nguvu na kula mafuta. Hapo wengi hushauriwa wayatoe. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wapo, kwa hiyo uliza yakishatolewa yanabaki kwa nani. Sisi hatutoi masega mazima. Kuyatoa hakuzuii oili kuungua, na moshi huo unapumuliwa na mtu wa bodaboda aliye nyuma yako. Tunafungua sensa ya mbele, tunafunga geji ya presha mahali pake, na geji inaonyesha kama njia imeziba. Kama imeziba, oili inatibiwa kwanza ndipo masega yabadilishwe, la sivyo mapya nayo yatakufa.

Kuhusu oili nzito: injini hii ilitengenezewa 5W-30. Kwa iliyochoka tunakubali 10W-40. Ile 20W-50 inaweza kupunguza moshi, ila VVT-i, mfumo unaorekebisha wakati wa valvu kufunguka, inahitaji oili ipite upesi kwenye njia nyembamba, hasa asubuhi.

Lilete gari jioni lilale kwetu, maana moshi wa kwanza wa asubuhi tunataka kuuona wenyewe. Njoo na kilomita za siku ulipobadili oili na kiasi ulichoongeza tangu hapo. Kama unaongeza chini ya lita 1 kwa kilomita 3,000 na plagi ni safi, tutakuambia uendelee kuongeza na kuliendesha, bila kufungua chochote.